Kugeuka Kitandani



Kuna jambo dogo ambalo mtu mwenye afya hulifanya mara nyingi kila usiku bila kujua: kugeuka kitandani. Ubavu mmoja ukichoka anahamia mwingine, mkono ukifa ganzi anauvuta, na asubuhi hakumbuki lolote. Mzee tunayetaka kumwandika hapa hawezi tena kulifanya. Akilazwa chali saa tatu usiku, saa nane yuko chali vilevile, macho wazi, akisubiri mtu amgeuze. Kwa miaka minne mtu huyo amekuwa mkewe, ambaye naye amekwisha kupita umri wa miaka sabini.

Sisi ni mafrateri wawili. Likizo ndefu iliyopita tulipangiwa kazi ya kichungaji katika parokia moja upande wa Mwadui, wilayani Kishapu. Baba Paroko alitupa orodha ya wagonjwa wa kupelekewa Ekaristi majumbani, na Mzee alikuwa wa tatu. Hatutamtaja jina, wala kigango chake, kwa kuwa yeye na Bibi walikubali tuandike kwa sharti hilo. Inatosha kusema kwamba aliajiriwa mgodini akiwa kijana, akafanya shifti za usiku kwa miaka mingi kwenye mtambo wa kuosha mawe, kisha akastaafu na kuwa katekista. Anaipenda historia ya mgodi kama wengine wanavyopenda mpira. Atakuambia jinsi Mkanada John Williamson alivyoigundua almasi ya Mwadui mwaka 1940, na jinsi jiwe la rangi ya waridi lililotoka hapo lilivyopewa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza alipoolewa mwaka 1947. "Limetoka hapo nyuma ya kitanda changu," anasema, na huwezi kujua kama anatania kwa sababu uso wake haucheki tena.

Uso huo ndio uliowatisha watu kwanza. Ugonjwa wa Parkinson hukaza misuli ya uso, mtu akawa hapepesi macho sana, haonyeshi furaha wala hasira. Mkono wa kulia ukaanza kutetemeka ukiwa umetulia pajani. Hatua zikawa fupi. Majirani walikuwa na maelezo yao. Wa kwanza walisema pombe, ingawa Mzee hajawahi kunywa. Wengine walisema zebaki, na hao hawakuwa wajinga: vijana wengi wa huku wamekwenda Geita kuchoma zebaki na dhahabu, na mvuke wa zebaki kweli hutetemesha mikono. Lakini Mzee hakuwahi kushika dhahabu, na almasi haihitaji zebaki. Waliobaki walisema amerogwa, na hapo ndipo mambo yalipokuwa hatari, si kwake bali kwa bibi mmoja jirani aliyeanza kutazamwa vibaya. Katika mkoa huu vikongwe wameuawa kwa kuwa tu macho yao yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni. Jina sahihi la ugonjwa huo lilipopatikana hospitalini, lilimponya kwanza yule bibi jirani.

Wasiopata jina hilo ni wengi. Madaktari waliowahi kupita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, wakachapisha matokeo yao mwaka 2008, waliwakuta watu 33 wenye Parkinson kati ya wakazi zaidi ya 161,000, na zaidi ya robo tatu yao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Walikuwa wameishi na ugonjwa usio na jina.

Tulidhani, kama wengi wanavyodhani, kwamba Parkinson ni ugonjwa wa mchana: mtu anatetemeka, anamwaga chai, anachelewa kufika kanisani. Bibi ndiye aliyetusahihisha. Tulipomuuliza tumsaidie nini, tukitarajia aseme kuni au maji, alijibu: "Wanangu, mimi nataka usiku mmoja tu." Mchana, alisema, Mzee ni mgonjwa wa kijiji kizima, kila anayepita anamsalimu "Mwadila, guku" na kumsogezea kigoda. Ikifika usiku anabaki wa kwake peke yake. Anaamka kumgeuza. Anaamka kumshika aende haja ndogo, mara tatu au nne. Anaamka kwa sababu Mzee anapiga kelele ndotoni na kurusha ngumi, akipigana na mtu asiyekuwepo. Mara moja ngumi ilimpata Bibi shavuni. Chandarua humnasa miguu, akihangaika kujinasua hakina nguvu ya kumwachia wala yeye hana nguvu ya kukichana. Alfajiri vidole vya mguu wa kushoto hujikunja kwa maumivu hadi Mzee analia.

Hayo yote yana maelezo, na James Parkinson, tabibu wa London ambaye ugonjwa huu umepewa jina lake, alikwisha kuandika mwaka 1817 kwamba usingizi wa wagonjwa wake ulikuwa ukivurugika. Ndani ya shina la ubongo kuna sehemu ndogo nyeusi inayotengeneza kemikali iitwayo dopamini, na bila dopamini amri ya kusogea haifiki vizuri kwenye mwili. Dalili zinapoonekana, sehemu kubwa ya seli hizo imekwisha kufa. Lakini ugonjwa hauli hapo tu. Unagusa pia sehemu zinazopanga usingizi wenyewe, na ndiyo maana kwa baadhi ya watu zile ngumi za ndotoni huanza miaka mingi kabla ya mkono kutetemeka. Bibi alipolisikia hilo alinyamaza kidogo, kisha akasema Mzee alianza kupiga kelele usiku tangu mtoto wao wa mwisho akiwa shule ya msingi. Mtoto huyo sasa ana watoto.

Dawa kuu ni levodopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini. Ina historia inayowagusa watu wa migodi: daktari Mgiriki aliyefanya kazi Marekani, George Cotzias, alikuwa akiwachunguza wachimbaji wa manganizi wa Chile waliopata dalili zinazofanana na Parkinson, na mwaka 1967 akaonyesha kwamba levodopa ikiongezwa polepole hadi kipimo kikubwa huwafanya wagonjwa wa Parkinson wasogee tena. Mzee alipoanza kidonge chake alitembea hadi kigangoni akaongoza ibada ya Jumapili. Bibi anaikumbuka siku hiyo kama watu wanavyokumbuka harusi.

Shida ya kidonge ni kwamba hakikai. Baada ya kama saa moja na nusu, nusu ya levodopa imekwisha kutoka kwenye damu. Mwanzoni mwa ugonjwa ubongo bado una akiba, mtu hahisi kitu. Miaka ikipita akiba inakwisha, na mtu huishi kwa kufuata kidonge: kikipanda anatembea, kikishuka anaganda. Watu wa Shinyanga watalielewa hili kwa kukumbuka maisha kabla maji ya Ziwa Victoria hayajaletwa kwa bomba. Ukiishi kwa madumu, dumu likijaa unaoga, unapika, unafua. Likiisha unakaa na vyombo vichafu hadi mkokoteni urudi. Sasa fikiria mkokoteni wa mwisho unapita saa kumi na mbili jioni, na unaofuata saa moja asubuhi. Usiku wa Mzee ulikuwa hivyo hasa. Kidonge cha mwisho alikinywa pamoja na chakula cha jioni, na kufika saa tano dumu lilikuwa tupu.

Bomba lipo, ila halipo kwetu. Mmoja wetu alikaa jioni kadhaa na simu yake akisoma, na tulichokikuta kilituchangamsha kisha kikatuuma. Kuna pampu ndogo inayovaliwa mkandani, inayoingiza dawa kidogo kidogo bila kukatika. Namna ya kwanza hupitisha jeli ya levodopa kwenye mrija uliotobolewa tumboni hadi kwenye utumbo mwembamba. Kwa kawaida huendeshwa saa 16 za kuwa macho, halafu huzimwa. Yaani hata watengeneza bomba walianza kwa kuusahau usiku. Namna ya pili haihitaji kutoboa tumbo: sindano nyembamba chini ya ngozi, na dawa iitwayo apomofini, ambayo licha ya jina lake haifanyi kazi ya mofini. Ufaransa walifanya jaribio lililochapishwa mwaka 2022, kwa wagonjwa 46 waliokuwa na usingizi mbaya, wakiwawekea pampu hiyo usiku tu. Kila mmoja alipata kipindi cha dawa yenyewe na kipindi cha maji yasiyo na dawa, bila kujua kipi ni kipi. Katika kipindi cha dawa walisema wanalala vizuri zaidi.

Namna ya tatu ndiyo mpya. Ni levodopa iliyobadilishwa ili iyeyuke na kupita chini ya ngozi kwa saa 24, mchana na usiku. Katika jaribio la wiki 12 lililochapishwa pia mwaka 2022, waliotumia pampu hiyo walipata karibu saa 2.7 zaidi kwa siku za kusogea vizuri, na waliobaki na vidonge walipata kama saa moja. Marekani iliidhinisha Oktoba 2024 kwa jina la Vyalev. Ulaya wanaiita Produodopa. Wagonjwa wengi wanaoitumia huamka wakiweza kusogea, bila kusubiri kidonge cha kwanza kifanye kazi.

Tusitie chumvi. Pampu haileti usingizi kama dawa ya usingizi inavyoleta. Kinachobadilika zaidi ni kwamba mwili hauzimiki: mtu anajigeuza mwenyewe, vidole havijikunji alfajiri, anaweza kufika chooni. Zile ngumi za ndotoni haziondoki kwa uhakika, kwa kuwa chanzo chake ni kingine. Na dawa ikizidi usiku, huleta ndoto kali na kuona watu wasiokuwepo. Apomofini inaweza pia kumfanya mtu asinzie ghafla mchana, kumshusha presha anaposimama na kumtia kichefuchefu. Ngozi ya tumbo hufanya vinundu, au hupata maambukizi. Kwa hiyo hata penye pampu kazi ya daktari ni kutafuta kiasi cha usiku, ambacho mara nyingi si kiasi cha mchana.

Tulimsimulia Mzee habari hizi. Tulijadiliana kwanza kama ni haki kumweleza mtu mwenye njaa habari za karamu ya mbali, tukaona kwamba kumficha ni kumfanya mtoto. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kwa ile sauti yake iliyofifia: "Hiyo mashine, umeme ukikatika inakuwaje?" Tukasema ina betri. "Na dawa yake inakaa wapi?" Tukasema ile ya jeli inakaa kwenye friji. Akatazama pembeni, kulikokuwa na mtungi wa maji. Hakusema zaidi, nasi hatukuwa na la kuongeza. Pampu inahitaji muuguzi wa kumfundisha Bibi, daktari wa mishipa ya fahamu wa kupima kiasi, na fedha ambazo hakuna kaya kijijini iliyonazo. Madaktari hao ni wachache mno nchini, na mgonjwa wa Mwadui akipewa rufaa anaanza kufikiria nauli ya Bugando, Mwanza.

Hapa tunataka kusema neno ambalo huenda halitawapendeza wote. Tumesikia, na katika mazoezi ya mahubiri tumetoa wenyewe, maneno ya kumtaka mgonjwa aunganishe mateso yake na ya Kristo. Ni mafundisho ya kweli. Lakini yakisemwa na mtu aliyelala saa nane usiku uliopita, kwa mtu ambaye hajalala, yana ladha mbaya. Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili aliandika barua juu ya maana ya mateso mwaka 1984, Salvifici Doloris, na ndani yake akampa Msamaria Mwema sehemu nzima. Msamaria hakumweleza majeruhi maana ya majeraha yake. Alimimina mafuta na divai, akampandisha punda, akalipa gharama za nyumba ya wageni, na huko ndiko majeruhi alikolala.

Papa huyo alikuja Tanzania Septemba 1990, akafika Mwanza. Mzee alikwenda kumwona, amesimama nyuma ya lori pamoja na waamini wengine kutoka Mwadui. Anamkumbuka mwanamume mwenye mabega mapana na sauti nene. Miaka baadaye akamwona kwenye televisheni ya jirani, mkono unatetemeka, uso umeganda, mate yanamtoka, hadi alipofariki tarehe 2 Aprili 2005. Wakati huo Mzee alimhurumia tu kama unavyomhurumia baba. Sasa anasema anamfahamu. Jioni moja, tukimaliza sala kabla ya kulala, alituuliza swali ambalo hatukulitarajia: "Papa usiku nani alikuwa anamgeuza?" Tulimjibu kwamba masista waliomtunza walikuwepo. "Wengi?" Wengi, Babu. Akasema, "Basi ndivyo."

Kwa sababu bomba halipo, tulitafuta namna ya kupanga madumu. Daktari kijana wa kliniki alisikiliza habari za usiku kuliko tulivyozoea kuona. Bibi alisema ni mara ya kwanza mtu kumuuliza Mzee analalaje. Aligundua mambo mawili. Kwanza, kidonge cha jioni kilikuwa kikinywewa na maziwa mgando, na protini ya maziwa hugombea njia moja na levodopa kupita kwenye utumbo. Maziwa yakahamishwa. Pili, akasogeza kidonge kimoja hadi wakati wa kulala, na kingine akaagiza kiwekwe kando ya kitanda na kikombe cha maji, cha kunywa saa kumi na moja alfajiri kabla Mzee hajajaribu kusogea. Tunawasihi wasomaji wenye wagonjwa nyumbani wasibadilishe dozi kwa kusoma makala hii. Kuzidisha kuna hatari, na kuacha ghafla kuna hatari kubwa zaidi, hata ya kufa.

Mtu mmoja alileta upupu. Si mzaha: mbegu za upupu zina levodopa ya asili, na madaktari waliwahi kuzijaribu Bolivia kwa wagonjwa 18, wakachapisha mwaka 2017 kwamba unga wake unafanya kazi. Lakini wao walipima kiasi, na sisi tulikuwa na mfuko wa rambo uliojaa mbegu. Bibi aliuweka juu ya kabati, na tunadhani uko huko hadi leo.

Mengine yalikuwa ya mikono. Blanketi zito lililokuwa likimkwama Mzee liliondolewa, na katikati ya kitanda tukatandika kitambaa cha kuteleza, mabaki ya kitambaa cha gauni la harusi kutoka kwa fundi wa Maganzo, ili kiuno kiteleze. Kamba ya katani ilifungwa kwenye mguu wa kitanda, yenye mafundo, ya kujivutia. Chandarua kilipandishwa juu na kutanuliwa kwa fito nne. Ndoo iliwekwa umbali wa hatua moja, na taa ndogo ya sola ikaachwa ikiwaka, kwa maana gizani miguu yake huganda zaidi. Kijiti na mawe vilivyokuwa karibu na kitanda viliondolewa kwa ajili ya zile ngumi.

Kisha zamu. Jumuiya ilikutana siku ya Alhamisi baada ya sala, ikakubali wanaume wawe wanalala kwa Mzee, mmoja kila usiku, kwenye mkeka karibu na kitanda, na Bibi alale chumba cha pili na mlango ufungwe. Sisi tulichukua wiki mbili za kwanza. Tulijifunza kumgeuza: goti moja linakunjwa, bega linasukumwa, naye anavuta kamba, na kwa pamoja inakuwa. Baada ya dawa kupangwa upya alituhitaji mara mbili kwa usiku badala ya tano au sita, na kuna usiku mmoja alijigeuza peke yake. Tulimsikia kitambaa kikichakarika gizani, tukashika pumzi. Alipomaliza akasema, "Mmelala?" Tukanyamaza ili afikiri tumelala.

Usiku wa kwanza wa zamu Bibi alilala saa kumi na moja mfululizo. Tuliingiwa na hofu, tukamtuma mjukuu wake agonge mlango.

Tumerudi seminarini sasa. Mwenyekiti wa jumuiya ametuandikia kwamba mambo yanaendelea, ila mwanamume wa Jumatano amepata kazi Geita, na yule wa Jumamosi anaumwa mgongo. Zamu hizo mbili hazina mtu. Msomaji aliye karibu na Mwadui na anayeweza kulala kwenye mkeka amwone Baba Paroko. Chakula cha jioni kipo.